Mtoto anapoumwa tumbo kila siku ya mechi

Msimu wa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, ukikaribia, viwanja vya shule kuanzia Uyole hadi Mafinga hujaa watoto wanaotafuta nafasi kwenye timu ya kata, kisha wilaya, kisha mkoa. Kila ngazi ina mchujo wake. Presha hiyo haiwezi kuisha yote, na wasiwasi kidogo humfanya mtoto awe makini. Kinachowalemea wengi ni ule mzigo tunaouongeza sisi wazazi bila kujua, na huo tunaweza kuutua.

Watoto wachache watakuambia wanaogopa. Watakuambia tumbo linauma, watakwenda chooni mara tatu, au watasahau soksi. Angalia siku. Tumbo linalouma asubuhi ya mechi na kupona mechi ikiahirishwa mara nyingi ni la wasiwasi, lakini maumivu yenyewe ni ya kweli, kwa sababu hofu huvuruga utumbo. Usimwambie anadeka. Maumivu ya chini ya goti, pale kwenye kifupa kinachojitokeza, ni jambo lingine kabisa: kwa mtoto anayerefuka haraka, msuli wa paja huvuta mfupa ambao bado unakua. Mpunguzie kukimbia na kuruka, na akichechemea mpeleke kituo cha afya.

Jioni kabla ya mechi, mwache apange begi mwenyewe: njumu, soksi, chupa ya maji na sweta. Sweta usiipuuze. Mwezi wa sita na wa saba, mtoto anayesugua benchi kwenye baridi ya Mbeya au Njombe huingia uwanjani misuli imekakamaa, anaharibu pasi ya kwanza, na kuanzia hapo anaamini leo si siku yake. Akae na sweta, na apashe mwili moto kwa dakika kumi kabla ya kuingia.

Ale saa mbili au tatu kabla ya mechi: uji, ndizi au kiazi kitamu. Chipsi zinakaa tumboni muda mrefu. Akishindwa kula, kikombe cha uji mwepesi kinatosha.

Mfundishe kupumua, ila mfundishe siku za kawaida. Kitu kipya asubuhi ya mechi kitamchanganya. Avute hewa kwa pua akihesabu hadi 4, aitoe taratibu kwa mdomo akihesabu hadi 6, mara tano. Kutoa pumzi taratibu hutuliza mapigo ya moyo. Akisikia kizunguzungu, anavuta kwa nguvu mno. Kisha mpe kazi moja iliyo mikononi mwake: mwenye soka aangalie pembeni kabla ya kupokea mpira, wa netiboli atue vizuri kabla ya kutoa pasi. Kushinda hakumo mikononi mwake.

Usimwahidi elfu mbili kwa kila goli. Atapiga pale alipotakiwa kutoa pasi, wenzake watamnunia, na asipofunga atarudi nyumbani akihesabu hasara.

Mechi ikianza, piga makofi, na maelekezo mwachie kocha. Kocha anasema "rudi", baba anapiga kelele "panda!", mtoto anageuka kutazama pembeni, na mpira umeshampita. Kama una neno na mwalimu, mtafute siku nyingine, mtoto asiwepo.

Saa ya kwanza baada ya mechi ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo tunayoiharibu zaidi. Ndani ya daladala mzazi anaanza kuchambua makosa mbele ya abiria. Mpe maji, mpe cha kula, mwambie: "Nimefurahi kukuona ukicheza." Basi. Kama amekosa penalti na analia, "ni mchezo tu" haimsaidii, maana kwake si mchezo tu. Sema "Pole mwanangu, inauma," kisha nyamaza naye. Kesho yake muulize nini kilikwenda vizuri na nini angependa kujifunza wiki hii.

Akiachwa kwenye mchujo, mweleze ukweli. Watoto wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana sana kimwili, kwa sababu balehe haiwafikii pamoja, na mara nyingi aliyetangulia kukua ndiye anayechaguliwa. Usimlaumu mwalimu mbele yake. Nendeni wote wawili, mtoto aulize mwenyewe: "Mwalimu, nifanyie kazi kitu gani?"

Hesabu pia saa zake za mazoezi kwa wiki: shule, akademi na timu ya mtaani kwa pamoja. Zisizidi miaka yake. Wa miaka 11, saa 11. Awe na siku moja au mbili bila mazoezi kabisa, na aliye chini ya miaka 13 alale kwa saa 9 au zaidi.

Kocha mkali anayesahihisha makosa anavumilika. Anayepiga, anayetukana au anayemwita mtoto peke yake faragha, mwondoe mtoto siku hiyo hiyo, toa taarifa kwa mwalimu mkuu na ofisi ya ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure.