Kujifunza kuchonga milango ya nakshi chini ya fundi wa Mombasa

Anayetaka kujifunza kuchonga milango ya nakshi hapa Mombasa achague fundi wake kwa kutazama kazi zinazoingia karakanani, wala asiridhike na zile zinazotoka. Fundi anayetengeneza milango mipya tu atakuonyesha nakshi, lakini yule anayeletewa milango mikongwe ya Mji wa Kale ili aikarabati atakuonyesha pia namna mlango ulivyoungwa, kwa kuwa hana budi kuufungua kipande kwa kipande. Mimi nilijifunza mengi zaidi katika siku tatu za kubomoa fremu moja iliyoliwa na mchwa kuliko katika miezi miwili ya kunakili maua kwenye karatasi.

Kabla ya kumwendea, pita Ndia Kuu na vichochoro vya jirani, usimame mbele ya milango, ujifunze majina ya sehemu zake. Miimo ni nguzo mbili za pembeni, na juu yake hukaa kizingiti cha juu, ambacho aghalabu ndicho chenye nakshi nyingi kuliko sehemu nyingine zote. Mfaa ni ule ubao mwembamba wa katikati, ulioshikamana na ubao mmoja wa mlango na kuufunika ukingo wa ubao wa pili mlango unapofungwa. Mbao zenyewe mara nyingi huachwa bila nakshi. Anayekwenda kwa fundi akiwa hajui mfaa ni nini hafukuzwi, ila atatumia wiki ya kwanza kujifunza jambo ambalo angelijua kwa matembezi ya asubuhi moja.

Ukifika karakanani, toa salamu, mpe mzee shikamoo yake, kisha ukae utazame kazi kabla ya kutaja haja yako. Eleza wazi utakuja siku ngapi kwa wiki na kwa muda gani, kwani wako mafundi wanaotaka ada na wako wanaotaka nguvu zako tu, na ni heri mkubaliane mapema. Ada hiyo isichanganywe na kilemba, yaani zawadi ambayo kwa desturi mwanagenzi humpa fundi wake anapohitimu.

Kazi utakayopewa kwanza ni kufagia maranda, kushikilia mbao na kunoa. Hapo kwenye kunoa ndipo wengi wanapokata tamaa, nami nadhani ndipo ufundi wote unapoanzia. Patasi butu haikati nyuzi za mti bali huzisukuma na kuzichana, na nakshi iliyochanwa hairekebishiki kwa msasa. Tia jiwe maji au mafuta, kulingana na aina yake, laza patasi kwa upande wake ulioinama, uzuie mkono usiyumbe, kisha uisogeze kwa mwendo ule ule mpaka uhisi ukingo mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili. Geuza patasi, ulaze mgongo wake bapa kabisa juu ya jiwe, uuondoe ukingo huo. Makali ya takriban digrii 25 yanafaa kwa mbao laini, lakini kwa miti migumu yasogeze karibu na digrii 30, kwani makali membamba mno humeguka. Jaribu kwa kukata ubao laini kukingama nyuzi zake: ukiacha uso unaong'aa, patasi iko tayari.

Kuhusu mbao, usikimbilie mpingo, ambao ni mzito kiasi cha kuzama majini na humchosha hata mzoefu. Anza na mwembe, ambao unakatika kwa urahisi, ingawa wadudu huupenda. Mwarobaini nao ni mgumu kidogo kuliko mwembe na unapatikana kwa wingi pwani. Vumbi lake huwasha koo, kwa hiyo vaa barakoa. Mvule na msaji ndizo mbao za mlango wenyewe, nazo ni za gharama, hivyo usikabidhiwe mpaka mkono utulie. Ubao wowote uwe umekauka, na mafundi hukadiria mwaka mmoja wa kukaushwa kwa kila inchi ya unene.

Mchoro ukishahamishiwa kwenye ubao, kaza ubao kwenye jiliwa, yaani kibanio cha meza ya fundi, na uuweke ili mwanga wa dirisha uje kutoka ubavuni, maana mwanga wa utosini huficha kina. Kwanza zungusha ua zima kwa mikato ya wima, ukipiga patasi kwa nyundo ya mti. Kisha ondoa uwanja unaolizunguka kidogo kidogo, ukielekea kwenye mikato hiyo. Mikato ya wima ndiyo inayozuia ufa usiingie kwenye petali. Mimi niliwahi kuiruka kwa haraka, na petali tatu za kizingiti kilichokaribia kukamilika zikabanduka kwa pigo moja; fundi hakunigombeza, alinipa ubao mwingine tu na kuniambia nianze upya. Petali zenyewe ziviringishwe mwishoni, uwanja wote ukishakuwa na kina kimoja.

Mwisho wa yote ni kuutia mlango mahali pake, jambo ambalo wanagenzi hulidharau. Mlango unaotiwa mahali pake Februari, wakati wa kaskazi na ukavu, uachiwe nafasi ndogo kati ya mbao na miimo, kwani masika yakianza hewa hujaa unyevu na mbao huvimba. Usipoacha nafasi hiyo, mwenye nyumba atakuita mwezi Mei uje na randa, na kipande utakachokiparua ni cha ubao ule ule ulioulipia kwa bei ya mvule.