Kusanifu Kiolesura Kimoja kwa Windows, macOS na Linux

Msanifu wa programu inayotumika kwenye Windows, macOS na Linux huvutwa pande mbili: programu ifanane kila mahali, na papo hapo ifuate desturi za kila mfumo. Kanuni ninayoifuata ni kwamba yale ambayo mkono wa mtumiaji umekwisha kuyazoea huachiwa mfumo, ilhali msamiati, ikoni na utaratibu wa kazi hubaki mali ya programu.

Anza na vitufe vya vidirisha, yaani visanduku vidogo vinavyomtaka mtumiaji akubali au akatae jambo, kwani hapo ndipo kosa huumiza zaidi. Kwenye Windows na KDE (mojawapo ya mazingira ya eneokazi ya Linux), kitufe cha kukubali hutangulia "Ghairi". Kwenye macOS na GNOME (mazingira mengine ya Linux), "Ghairi" hutangulia na cha kukubali hukaa kulia. Mtu hubofya kwa mazoea kabla ya kusoma, hivyo anaweza kufuta alichokusudia kukibakiza. Usiviwekee vitufe nafasi wewe mwenyewe. Katika Qt, maktaba ya kuundia violesura, kwa mfano, kijenzi kiitwacho QDialogButtonBox huvipanga kulingana na mfumo, mradi umekitajia jukumu la kila kitufe (kukubali, kughairi na kadhalika). Andika pia kitenzi kamili, "Futa faili" badala ya "Sawa", ili hata aliyeghafilika ajue anakubali nini.

Mikato ya kibodi ni rahisi zaidi: Ctrl ya Windows na Linux huwa Command kwenye macOS, na Qt hubadilisha yenyewe. Mipangilio nayo, kwenye macOS, hutafutwa katika menyu yenye jina la programu.

Kabla ya kuchora skrini yoyote, andaa orodha ya maneno: amri moja, neno moja. Ukiandika "Hifadhi" kwenye menyu, usiandike "Tunza" kwenye kidirisha. "Save" ina herufi 4 na "Hifadhi" ina 7, kwa hiyo kitufe kilichokatwa kwa pikseli kutoshea Kiingereza kitalimeza neno letu, hasa kwa kuwa fonti za mifumo, Segoe UI ya Windows na San Francisco ya macOS, hazilingani upana. Tumia mpangilio unaonyumbulika, kisha ujaribu ukuzaji wa skrini wa asilimia 125 na 150.

Hatimaye, pitia kila dirisha kwa kibodi pekee. Kwenye macOS, washa kwanza uongozaji wa kibodi katika mipangilio ya mfumo. Bila hivyo Tab huruka vitufe vingi, nawe utatafuta kosa lisilokuwepo katika msimbo wako.