Kumwandaa Mgonjwa ili Upasuaji Usiahirishwe Asubuhi Yenyewe

Upasuaji uliopangwa unapoahirishwa asubuhi yenyewe, tunazoea kulaumu umeme, uhaba wa damu au daktari aliyeitwa kwingine, na ni kweli mambo hayo yapo. Hata hivyo, mara nyingi kuahirishwa huko huwa kumekwisha kuamuliwa siku nyingi nyuma, pale mgonjwa alipopewa tarehe bila kuelezwa vya kutosha. Mwongozo huu ni wa wauguzi na maafisa wa kliniki wanaoitoa tarehe hiyo, hasa katika hospitali za wilaya na vituo vya afya vya daraja la nne hapa Uganda.

Anza na saa. Niliwahi kumpokea mzee wa ngiri ambaye kadi yake iliandikwa "8:00", naye akafika saa nane mchana, ameoga, ametulia, akiamini amewahi, wakati kazi ya siku ilikuwa imekwisha. Anayezungumza Kiswahili, kama anayezungumza Kiluganda, huhesabu saa tangu macheo, kwa hiyo tarakimu peke yake ni mtego. Andika "saa mbili asubuhi", kisha mwombe mgonjwa akuambie kwa maneno yake atakuja lini na atatoka nyumbani saa ngapi.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kufunga. Ukimwambia mtu "usile kitu", atatii, lakini kwa wengi wetu chai hainaswi na neno kula.

"Mzee, umekula leo?"

"Hapana, sista, sijala. Nimekunywa chai tu."

Chai yenyewe ni ya maziwa, na katika hesabu ya nusukaputi, yaani dawa ya usingizi wa upasuaji, maziwa huhesabiwa pamoja na chakula, kwa kuwa yakibaki tumboni yanaweza kupanda na kuingia mapafuni mgonjwa akiwa usingizini. Kwa hiyo taja vitu kwa majina: matoke, posho (ugali), uji, maziwa na chai ya maziwa viishe angalau muda wa saa sita kabla ya dawa ya usingizi, na mlo wenye mafuta mengi uachwe mapema zaidi; mtoto anyonye kwa mara ya mwisho muda wa saa nne kabla; maji matupu au chai kavu, isiyo na maziwa, yanaweza kunywewa hadi muda wa saa mbili kabla, mradi mtoa usingizi amekubali. Usimfungishe mtu tangu jioni hadi mchana wa pili kwa kuogopa makosa, maana njaa na kiu ya muda mrefu humdhoofisha, na mtoto huumia zaidi. Asubuhi ya upasuaji usiulize "umekula?", bali uliza: "Tangu jana jioni umetia nini mdomoni, na saa ngapi?"

Dawa nazo zina mkanganyiko wake. Wagonjwa wengi wa presha hudhani kufunga ni pamoja na kuacha vidonge, hivyo wakafika na kipimo cha 180/110 au zaidi, kiwango ambacho kwa kawaida humfanya mtoa usingizi asogeze mbele upasuaji usio wa dharura. Vidonge vingi vya presha humezwa asubuhi hiyo kwa funda la maji, ingawa vichache husimamishwa. Dawa za sukari hupunguzwa au kuachwa. Dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, kwa kawaida husimamishwa takriban siku tano kabla. Orodha hiyo daktari aipitie siku ya kupanga, nawe umwandikie mgonjwa ipi ameze na ipi aache. Uliza pia kuhusu dawa za mitishamba, bila kukunja uso, kwa sababu aliyedharauliwa hatasema.

Vipimo vya damu visingoje siku ya kulazwa. Upungufu wa damu ukigunduliwa wiki kadhaa mapema hutibiwa kwa vidonge vya madini ya chuma. Ukigunduliwa alfajiri hiyo, hautibiki kwa wakati. Kundi la damu lijulikane mapema, na kwa watu wa kaskazini na Busoga, ambako selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, ni ya kawaida, kipimo chake kisisahaulike. Kucha zisiwe na rangi wala hina, kwani huweza kuvuruga kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, na mgonjwa asijinyoe kwa wembe nyumbani.

Idhini ni ya mgonjwa mwenyewe aliye mtu mzima, lakini nauli na uamuzi wa nyumbani mara nyingi viko kwa baba mkubwa au kaka. Mwite mzee huyo siku ya kliniki, asije akangojwa huku mgonjwa yuko tayari kitandani. Kwa mtu anayesafiri kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale hadi hospitali ya rufaa ya Mbarara, panga alale karibu usiku huo, na uchukue namba mbili za simu, ya pili ikiwa ya jirani. Mpigie siku mbili kabla. Akiwa na homa au kikohozi, utapata muda wa kumwita mwingine wa zamu ya akiba aliyekwisha kupimwa.

Upasuaji ukiahirishwa licha ya hayo yote, andika sababu daftarini kama ilivyotokea. "Mgonjwa hakuandaliwa" haimsaidii mtu. Andika "alikunywa chai ya maziwa saa kumi na mbili asubuhi", pamoja na jina la kliniki iliyompa kadi.