Somo: Chai ya Tongmu isiyo na moshi, na namna ya kulipata tunda lake kikombeni

Wanajamvi, habari zenu. Leo tunaingia kijiji cha Tongmu, katika milima ya Wuyi, kaskazini mwa mkoa wa Fujian nchini China. Hapo ndipo inapohesabiwa kuwa chimbuko la chai nyeusi, karne ya 17. Ulaya chai ya kijiji hicho wanaiita Lapsang Souchong, na ukiitaja tu watu wanafikiria moshi wa msonobari. Ninayotaka muijue mimi ni ndugu yake: Zhengshan Xiaozhong ileile (ndivyo Wachina wenyewe wanavyoiita), ya vichaka vilevile, ila imekaushwa bila moshi. Hakuna tunda lililotiwa humo wala manukato, na bado ikitengenezwa sawasawa inatoa utamu wa zabibu kavu, asali na longan. Longan ni tunda la ukoo mmoja na shokishoki za Unguja, ila ganda lake halina vinyweleo. Wachina hulikausha, na likikauka linakuwa na utamu mzito wa rangi ya kahawia. Ndio utamu huo.

Kwanza mjue unatoka wapi. Bustani nyingi za Tongmu ziko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, zimezungukwa na msitu na ukungu, chini ya mlima Huanggang unaopita mita 2,100. Baridi inachelewesha machipukizi, kwa hiyo uchumaji huanza mwishoni mwa Aprili na kuingia Mei. Majani yakishachumwa hunyaushwa mpaka yalegee, husokotwa mpaka utomvu utoke, kisha huvundikwa: yanalundikwa katika vikapu vya mianzi, yanafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, na kuachwa saa kadhaa, kama tunavyovundika ndizi. Humo ndani jani linageuka kutoka kijani kuwa rangi ya shaba. Ukali wa jani bichi unapungua, na harufu zilizokuwa zimefungwa ndani ya jani zinaachiliwa, zikiwemo linalooli na geranioli, ambazo zimo pia katika maua na matunda mengi. Chai ya kienyeji pale Tongmu hunyaushwa na kukaushwa juu ya moto wa msonobari katika jengo la mbao la ghorofa kadhaa, na moshi ndio unaokaa juu ya kila kitu. Ukiuondoa moshi, tunda linabaki peke yake. Kwangu mimi hii ndiyo sura nzuri zaidi ya jani lile, ingawa najua wapo wapenzi wa moshi humu watakaobisha.

Hatua ya 1: chombo. Wachina hutumia gaiwan, kikombe cha kauri chenye kifuniko na kisahani, cha mililita 100 hadi 120. Huna? Birika dogo la kauri linatosha. Usitumie sufuria, na birika la aluminiamu liache kabisa.

Hatua ya 2: maji. Hapa ndipo chai nyingi nzuri zinapofia. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo sisi watu wa pwani tunayajua, yanaifanya chai hii iwe bapa na nzito mdomoni. Tafuta maji ya chupa yenye madini machache, au maji ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa. Halafu angalia unakaa wapi. Dar es Salaam, Mombasa au Unguja maji huchemka nyuzi 100, kwa hiyo yakichemka zima moto, fungua kifuniko, subiri dakika moja au mbili yashuke hadi kama nyuzi 93. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka karibu nyuzi 94. Mtu wa Nairobi asisubiri chochote. Amimine palepale yanapochemka.

Hatua ya 3: majani. Gramu 4 hadi 5 kwa gaiwan moja. Kama huna mizani, ni vijiko viwili vya chai vilivyojaa, maana majani haya yamesokotwa marefu na ni mepesi, hayashikani kama yale ya punje tuliyoyazoea.

Hatua ya 4: pasha chombo kwa maji ya moto, yamwage, tia majani makavu ndani, funika, tikisa mara moja. Sasa funua na unuse. Joto la kauri peke yake linaamsha harufu, na hapo ndipo utasikia zabibu na mkate mtamu kabla tone la maji halijagusa jani.

Hatua ya 5: mimina maji taratibu ukingoni, si moja kwa moja juu ya majani. Funika, hesabu sekunde 10 hadi 15, kisha chuja yote kwenye kikombe kingine. Yote kabisa. Maji yakibaki na majani, mkupuo wa pili, yaani ukimimina maji tena juu ya majani yaleyale, utakuwa mchungu, na uchungu ukishaingia tunda halionekani tena.

Nusa chini ya kifuniko kikiwa bado na mvuke. Harufu ya kwanza ni ya asali. Subiri kipoe kidogo, unuse tena: sasa longan inakuja. Mfuniko unaopoa unaeleza mengi kuhusu jani kuliko maelezo ya kwenye boksi.

Hatua ya 6: rudia. Mkupuo wa pili sekunde 10 hadi 15, wa tatu 20, kisha ongeza kidogo kidogo. Majani mazuri yanakwenda mikupuo sita au saba. Mimi naupenda wa tatu kuliko yote, maana utamu unakuwa umehamia kooni.

Anayetaka njia ya haraka kwa kikombe kikubwa cha mililita 250: gramu 3, dakika tatu, chuja. Inakubalika.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, Mombasa: Shikamoo mwalimu. Naweza kuipika na maziwa na tangawizi kama chai yetu ya kawaida?

Marahaba. Unaweza, lakini utakuwa umeinunua bure. Protini za maziwa zinashikana na tanini za chai, na tangawizi inafunika kilichobaki. Chai ya maziwa ina jani lake. Majani ya Kericho au Mufindi yanayosagwa kwa mashine za CTC (zinazoponda na kukata jani liwe punje) hutoa rangi na nguvu upesi, na maziwa hayayashindi. Kwa kazi hiyo siwezi kukupa chai nyingine yoyote. Vichaka vyetu vingi vina asili ya Assam, jani kubwa lenye nguvu. Vya Tongmu ni vya jani dogo la Kichina, na nguvu yake iko kwenye harufu. Sukari nayo iache katika mikupuo miwili ya mwanzo, kisha uamue mwenyewe.

Swali, mfanyabiashara aliyeko Guangzhou: Mwalimu, niko Xiaobei. Nimeuziwa boksi la chai yenye harufu kali ya tunda, hata kabla ya kulifungua unaisikia. Ndiyo hii?

Sidhani, kaka. Hapo Guangdong kuna chai nyeusi inayotiwa harufu ya laichi, tunda jingine la ukoo wa shokishoki. Ni chai halali na ina wapenzi wake, lakini ni kitu kingine. Jipime hivi: itengeneze mikupuo minne mfululizo. Harufu iliyotiwa inapiga kelele mkupuo wa kwanza na wa pili, kisha inakatika na kuacha maji ya rangi tu. Tunda la Tongmu linaanza kwa upole na halikatiki ghafla. Na kwa kuwa uko huko, nenda soko la chai la Fangcun, ni la jumla na ni kubwa mno. Waambie unataka Zhengshan Xiaozhong ya wuyan, yaani isiyo na moshi, na usinunue duka ambalo halikuonjeshi. Halafu jua kwamba Tongmu yenyewe iko ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1979, wageni hawaingii kiholela, na chai yake ni chache. Nyingi inayouzwa kwa jina hilo imetoka vijiji vya jirani. Baadhi ni nzuri sana, mradi bei iwe ya jirani.

Swali: Jin Jun Mei je?

Inatoka Tongmu hiyohiyo, ilianza kutengenezwa mwaka 2005, kwa vichipukizi vitupu. Ni laini zaidi, ni ghali zaidi, na bandia zake zimejaa sokoni. Anza na Xiaozhong.

Swali, mama mjamzito, Morogoro: Nina upungufu wa damu na napenda chai. Niache?

Dada, pole. Chai yoyote nyeusi, hii ikiwemo, inapunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma, hasa yale ya maharage na mboga za majani. Usiinywe pamoja na chakula wala karibu na vidonge vya chuma. Acha angalau saa moja au mbili zipite. Ina kafeini pia, na kwa mjamzito kiasi chake cha siku kina mpaka. Muulize mhudumu wa kliniki yako, yeye anaijua hali yako ya damu.

Swali, Tanga: Yangu imepoteza harufu ndani ya miezi michache. Naihifadhi kwenye kabati la viungo.

Ihamishe leo hii. Majani makavu yananyonya harufu na unyevu, na kabati la viungo lina karafuu, iliki na bizari. Tia kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, ndani yake iwe kwenye mfuko wa karatasi ya fedha uliokazwa, mbali na jiko na jua. Friji usitumie, kwa sababu kila ukifungua kopo likiwa baridi hewa ya pwani inaacha umande juu ya majani. Kama unanunua nyingi, gawa: kopo dogo la wiki hii, lililobaki usilifungue.