Taa za kabaidi za Ford Model T kwa kipimo cha 1:24 (ndogo mara 24 kuliko halisi), zinazowaka

Ford Model T za 1910 hadi 1914 zilikuwa na taa kubwa za mbele zenye shaba ya manjano, zikiwaka kwa gesi ya asetilini. Maji yalidondokea kabaidi, kemikali inayotoa gesi hiyo ikilowa, ndani ya mkebe uliokaa kwenye ubao wa kukanyagia, gesi ikaenda kwenye taa kwa mpira. Mpira huo ni zawadi kwa mtengeneza modeli, kwa kuwa nyaya zetu zitapita humo bila kuonekana. Kwa gari la 1915 kuendelea usitumie mwongozo huu: Ford ilihamia taa za umeme, zisizo na dohani (bomba la juu la kutolea moshi).

Kwa taa mbili tafuta bomba la shaba ya manjano la kipenyo cha milimita 9 (ukuta nusu milimita), bomba jingine la milimita 3, bati la shaba la milimita 0.3, waya wa shaba wa nusu milimita, LED (vitaa vidogo vya umeme) mbili za saizi 0603, yaani takriban milimita 1.6 kwa 0.8, za mwanga wa njano zenye nyaya tayari, na rezista (vipunguza umeme) mbili za kilo-omu 3.3.

1. Chomeka kijiti cha mbao ndani ya bomba kubwa, kisha toboa tundu la milimita 2.5 la dohani. Chini yake, upande wa pili, toboa la milimita 1 la mpira. Bila kijiti, biti hubonyeza ukuta na bomba halitakuwa duara tena.

2. Kata urefu wa milimita 6.5, sugua kwa tupa hadi 6.

3. Lehemu kipande cha bati nyuma, ukate na kusugua kingo zifuate duara. Zungushia waya mdomoni uwe rimu, ulehemu. Dohani, kipande cha milimita 3, hufuata mwisho. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: joto la kiungo kipya huyeyusha cha zamani. Funga karatasi ya tishu iliyoloweshwa juu ya viungo vilivyokwisha, na gusa kwa pasi ya kulehemu sekunde mbili tatu tu.

4. Osha kwa maji ya moto na sabuni. Flaksi (dawa ya kulehemu) ikibaki, shaba huota kijani na nyaya nyembamba huliwa. Ng'arisha kwa msasa namba 1000.

5. Bandika utepe wa alumini ndani, nyuma. Paka vanishi maungio ya LED, maana yakigusa alumini au shaba ni shoti. Simamisha LED katikati, uso wake ukitazama *nyuma*. Mwanga ukirudi kutoka kwenye alumini huenea kama wa moto wa gesi. LED inayotazama mbele huonyesha nukta kali inayoharibu kila kitu.

6. Jaribu kuwasha kabla ya kufunga.

7. Kioo ni duara la milimita 8 la plastiki angavu ya pakiti za vidonge. Kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Supaglu hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe, na haufutiki.

8. Pitisha nyaya ndani ya ganda jeusi la waya mwembamba hadi kwenye mkebe wa kabaidi. Kila LED ipewe rezista yake. Kwa betri ya volti 9 utapata takriban miliampea 2, na hiyo yatosha. Ukiongeza, taa ya kabaidi itaonekana ya gari la leo.