Mbwa akinguruma usimpige, kuna kitu anakwambia

Wafugaji wenzangu, leo naomba tuongee kuhusu mnyama ambaye kwenye mashamba mengi hana hata mstari mmoja kwenye daftari. Ng'ombe tunaandika kachanjwa lini, kuku tunajua wamekula kiasi gani, ila mbwa anayekesha nje usiku kucha akiwalinda wote hao tunakuja kumkumbuka siku amekula mayai au amemng'ata mtu, na siku hiyo tunamkumbuka kwa fimbo.

Kuna shamba moja nilienda kuangalia mbuzi. Walikua na mbwa jike, rangi ya udongo, anakula pembeni ya banda. Mtoto wa pale akawa anamsogelea huku anacheka, mimi nikaona mbwa ameacha kutafuna. Hicho tu, ameacha kutafuna, mwili umekakamaa kama ubao, kichwa kimebaki palepale juu ya chombo ila jicho limegeukia kwa mtoto mpaka weupe unaonekana pembeni kama mwezi mchanga. Afu akanguruma, sauti ya chini kabisa. Baba mwenye nyumba akaokota fimbo akamchapa mbili za mgongo, mbwa akanywea akaenda kujikunyata nyuma ya banda, na mtoto akabaki amesimama pale karibu na chombo. Nilisema neno pale pale lakini nakiri sikulisisitiza vya kutosha. Miezi michache baadae yule mbwa akamng'ata yule mtoto mkononi, na nilichoambiwa ni kwamba "ameng'ata ghafla tu, hata sauti hakutoa". Hakutoa sauti kwa sababu alishafundishwa asitoe.

Hili ndo jambo ninalotaka mfugaji alishike leo. Kunguruma sio utovu wa adabu, ni onyo, na mbwa anayekuonya anakufanyia hisani kubwa. Ukimpiga kwa kunguruma hofu yake haiondoki, inabaki ndani vilevile, kinachoondoka ni ile sauti peke yake, kwahiyo unabaki na mbwa anayeogopa kama mwanzo ila safari hii hakwambii.

Na kabla hajafika kunguruma huwa ameshaongea sana, sema sisi hatusikii maana anaongea kwa mwili. Anajilamba pua wakati hakuna chakula, anapiga miayo na wala hana usingizi, anageuza uso pembeni, anainua mguu mmoja wa mbele, anajikung'uta kama katoka kwenye maji wakati mwili mkavu, masikio yanalala nyuma, mkia unaingia katikati ya miguu. Hapo anasema sijisikii vizuri, nipe nafasi. Usipompa anakakamaa, akikakamaa na bado unamsogelea ananguruma, anaonyesha meno, anang'ata hewa, mwisho ndo anang'ata kweli. Hizi ni ngazi, na kuna mbwa anazipanda zote kwa sekunde chache tu, kwahiyo mfundishe kila mtu hapo nyumbani azijue, watoto hasa, maana wao ndo wanapenda kumkumbatia mbwa shingoni na kumwekea uso karibu na mdomo, kitu ambacho mbwa wengi hawakipendi hata wakikivumilia.

Mkia nao unadanganya watu sana. Mtu anakwambia mbwa alikua anatikisa mkia afu kaning'ata, sasa kutikisa mkia maana yake ni kwamba amesisimka, sio lazima awe amefurahi. Mwaka 2007 watafiti wa Italia walionyesha kwamba mbwa akimwona bwana wake mkia unaelemea zaidi upande wake wa kulia, na akimwona mbwa mgeni wa kutisha unaelemea kushoto. Shambani hutakaa kupima kulia na kushoto, wewe angalia mwili mzima. Mkia umesimama juu, mgumu, unatikisika kwa haraka haraka huku mwili umekaza, usimsogelee. Mkia uko chini kidogo, umelegea, unapepea mpaka kiuno kinayumba na mdomo uko wazi bila kukaza, huyo kafurahi kweli.

Tuje kwenye mayai, maana hapa ndo mbwa wengi wanapigwa bure. Unarudi mchana unakuta maganda, unamwita mbwa, anakuja amejikunja, masikio nyuma, anakwepa macho, na wewe unasema ona, anajua kosa lake. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alilipima hili na mbwa 14, akakuta ile sura ya kujuta inatokea mwenye mbwa anapomfokea, hata kama mbwa wa watu hajafanya chochote. Yaani anachosoma ni uso wako na sauti yako, wala hafikirii yai la asubuhi. Ukimchapa saa nzima baada ya tukio, kitu anachojifunza ni kwamba wewe ukirudi nyumbani na uso ule ni hatari, na ukimwita "njoo" ni mtego. Siku anakimbilia barabarani unamwita kwa nguvu zote, haji, na mimi simlaumu.

Kwahiyo mayai dawa yake ni kuokota mapema, kuziba pale anapopitia, kuhakikisha ameshiba, na kumfundisha kuachana na kuku. Kufundisha kwenyewe ni hivi. Mfunge kamba ndefu, simama mbali na kuku, mbali kiasi kwamba anawaona lakini bado anakusikia wewe, wakati kuku wametulia sio wakati wanakimbizana. Akiwaangalia kuku nyamaza, subiri, sekunde ile ile anayogeuza kichwa kukutazama sema neno lako moja, mfano "safi", na kipande cha nyama kiende mdomoni hapo hapo. Neno liwe lilelile kila siku na kwa kila mtu wa nyumbani, na zawadi isichelewe, ikichelewa utakua umelipa kitu kingine kabisa alichofanya katikati. Dakika tatu mpaka tano zinatosha, afu mpumzishe. Kesho rudia, akifaulu siku kadhaa sogea hatua moja. Akianza kuvuta kamba na kulia lia ujue umesogea haraka mno, rudi nyuma na usikasirike, kosa hapo la umbali sio la mbwa.

Kuna wazo limeenea sana kwamba lazima umwonyeshe mbwa nani bosi, umlaze chali, umkabe shingo, ule kwanza wewe ndo ale yeye. Hili lilitoka kwenye mbwa mwitu (wale wanaoitwa wolf kwa Kiingereza) waliofungiwa pamoja bila kuwa ndugu, mtafiti Rudolf Schenkel aliandika habari zao mwaka 1947. Baadae mtafiti wa Marekani, David Mech, aliyewahi kulieneza wazo hilohilo, alifuatilia mbwa mwitu porini na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia tu, baba, mama na watoto wao. Mbwa wako hana mpango wa kukupindua. Akivuta kamba anataka kufika haraka, akikurukia anataka kukusalimia usoni, na ukimlaza chali kwa nguvu unachompa ni hofu.

Na hofu ina gharama ndani ya mwili. Utafiti wa Ureno uliotoka mwaka 2020 uliangalia mbwa 92, wale waliofundishwa kwa kuvutwa shingo na kufokewa walionyesha dalili nyingi za stresi, miayo, kujilamba, kujikunyata, na kotisoli, homoni inayopanda mwili ukiwa na stresi, kwenye mate yao ilipanda zaidi baada ya mazoezi kuliko wale waliofundishwa kwa zawadi. Mtu atasema mimi nataka mbwa mkali bwana, sio wa kubembelezwa. Sawa, ila mbwa aliyefanywa mkali kwa mateso hachagui mwizi, anamng'ata daktari wa mifugo, mtoto wa jirani, na wewe mwenyewe siku unamtoa mwiba mguuni. Mbwa aliyezoeshwa vizuri bado atabweka mgeni akija usiku, hiyo anayo tayari. Kumfunga mnyororo mfupi mchana kutwa nako hakusaidii, anashindwa kukimbia kitu anachokiogopa kwahiyo anabaki na njia moja, meno. Bora uzio, au kamba inayoteleza kwenye waya mrefu, na kivuli na maji viwepo, na kuna muda kila siku afunguliwe atembee na mtu.

Kama unaanza na mtoto wa mbwa una bahati, usiipoteze. Asitoke kwa mama yake kabla ya wiki nane, na ujue kwamba kuanzia wiki ya tatu mpaka karibu ya kumi na nne ndo dirisha la kuzoea dunia, anachokutana nacho hapo kwa raha hakitamtisha sana ukubwani. Basi akutane na mbuzi, ng'ombe, watu wenye kofia, wazee wenye fimbo za kutembelea, pikipiki, mvua kwenye bati, vyote kwa umbali na kwa utulivu, na akiogopa usimburute kumsogeza, mwache arudi nyuma aangalie mwenyewe. Anayeandaliwa kulinda mbuzi mwekee kijumba jirani na wao, waonane na kunusana kupitia wavu kwanza, wakianza kukaa pamoja uwepo, maana mbwa mchanga mpaka anapita mwaka bado ana akili ya kucheza na mchezo wake ni kukimbiza. Akikimbiza mtoe kimya kimya, mpe kitu cha kutafuna, rudi kesho.

Jambo lingine, mbwa mpole akibadilika ghafla angalia mwili kabla ya tabia. Sikio lenye usaha, jino bovu, kidonda chini ya kamba ya shingo, kupe ndani ya sikio, vyote vinafanya mbwa mzuri asitake kuguswa. Na kama kubadilika huko kunaenda na mate mengi, kushindwa kumeza, kuzurura na kung'ata ovyo, usimkaribie kabisa, ita daktari wa mifugo haraka, inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Chanjo ianze akiwa na miezi mitatu na irudiwe kama daktari atakavyopanga. Mtu aking'atwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Yule mtoto alioshwa na akawahishwa hospitali, akachanjwa, akapona vizuri. Mbwa alikua na chanjo, akatengwa siku kumi akiangaliwa, hakuumwa. Baba alitaka wamuue, tukaongea muda mrefu sana mimi na yeye pale kwenye mlango wa banda. Tulichokubaliana ni kwamba mbwa apewe kona yake ya kulia chakula, pembeni, nyuma ya uzio wa vijiti, mtoto asifike kule, na baba mwenyewe kila siku wakati mbwa anakula apite mbali, atupe kipande cha nyama kuelekea kwenye chombo, aendelee na safari yake bila kusimama wala kumtazama. Siku za mwanzo mbwa alikua anakakamaa kila akisikia hatua zake. Baada ya wiki kadhaa akaacha kukakamaa, afu akaanza kumtafuta kwa macho. Mara ya mwisho nimepita pale, baba alipita hatua kama tatu kutoka kwenye chombo, mbwa akainua kichwa, mkia ukapepea umelegea mpaka kiuno kikayumba, akaokota nyama yake akarudi kula. Mtoto bado haruhusiwi kusogea wakati mbwa anakula, na hiyo itabaki hivyohivyo.