Ritifaa, mkato na #$ katika pakeji za Guix

Guix ni mfumo wa kusakinisha programu kwenye Linux, na pakeji zake huandikwa kwa lugha ya Scheme. Juzi kijana wa dada yangu alinijia hapa Roysambu, Nairobi, na laptopu kwapani. "Mjomba, pakeji inajengeka bila kosa, lakini faili langu silioni." Nilijua tatizo kabla sijafungua skrini, maana mimi mwenyewe liliwahi kunikesheza.

Hatua ya 1. Andika `name`, `version` na `source` kama kawaida. Tumia Emacs (kihariri cha maandishi) yenye paredit, nyongeza inayolinganisha mabano. Mabano hayahesabiwi kwa macho.

Hatua ya 2: ritifaa. Chukua zlib, maktaba ya kubana data, ambayo pakeji yako inaihitaji, kwa hiyo inaorodheshwa kwenye `inputs`. `zlib` ni pakeji yenyewe. `'zlib` ni jina tu, na sukari iliyoandikwa kwenye karatasi haikolezi chai. Kwa hiyo `(inputs '(zlib))` itakataliwa. Andika `(inputs (list zlib))`.

Hatua ya 3: ritifaa iliyogeuka na mkato. Kwenye mafaili ya zamani utakuta hivi:

```
(inputs `(("zlib" ,zlib)))
```

Maana yake: acha vyote vilivyo, ila penye mkato weka thamani. Ukiweka ritifaa ya kawaida mahali pake, mkato unakufa. Jaribu `'(1 ,(+ 1 1))` ndani ya `guix repl`, mahali pa kujaribia Scheme, uone. Mimi mtindo huu siutaki tena. Tangu 2021 `list` inatosha, na `guix style -S inputs` itakubadilishia.

Hatua ya 4: #~ na #$. Hapa ndipo jioni yetu ilipoishia. `#~` hufunga msimbo utakaoendeshwa baadaye, wakati wa kujenga. `#$` Huingiza humo kitu cha kutoka nje. Mkato hauna kazi humo.

```
(arguments
 (list #:phases
  #~(modify-phases %standard-phases
     (add-after 'install 'weka-kamusi
      (lambda _
       (install-file "kamusi.txt"
        (string-append #$output "/share")))))))
```

`#$output` ni saraka inayowekwa pakeji iliyokamilika. Kijana alikuwa ameandika `"#$output/share"`. Amezoea Bash, lugha ya amri za terminali, ambako `"$HOME/share"` hufunguka. Kwenye Scheme, kilicho ndani ya alama za usemi ni maandishi matupu. Ubaya ni kwamba hakuna kosa linalotokea: `install-file` inaunda saraka inayoitwa `#$output` pale pale inapojengea, inatia faili humo, halafu yote yanafutwa.

Ukitaka kuishuhudia, ongeza hatua yenye `(error "simama")` baada ya hiyo, kisha jenga kwa `guix build -K -f pakeji.scm`; `-K` huhifadhi saraka ya kujengea ujenzi ukishindwa. Bila kosa hilo la makusudi, `-K` haibakizi kitu. Saraka utaikuta ndani ya `/tmp`.

Jambo jingine: badala ya `#$zlib`, andika `#$(this-package-input "zlib")`. Mtu akibadilisha zlib kwa nyingine kwa chaguo la `--with-input`, `#$zlib` itabaki na ya zamani.

Hatua ya 5. Ondoa `error`, jenga tena, fanya `ls` kwenye njia itakayochapishwa. Mstari wa mwisho wa faili uwe pakeji, si `define`. Kijana alisahau hilo pia, na bando lake lilikuwa limeisha.